Kwa mama mdogo uliyetoka kimya kimya kwenye kundi

Shikamoo mama mdogo.

Jina lako silitaji, na mtaa wako hapo Mpwapwa siutaji, kwa hiyo usianze kunipigia simu kabla hujamaliza kusoma. Ningeweza kukutumia maneno haya peke yako. Nayaweka hadharani kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp, la wenye sukari na presha tunaohimizana kutembea, baada yako wametoka wengine kwa mtindo uleule, bila ugomvi wala kuaga. Siku hizi mtu akitoka kwenye kundi la WhatsApp anaarifiwa admini tu, sisi wengine tunakuja kugundua tukimwita jioni na haitikii. Nao wana sukari, nao wana presha, na nina hakika baadhi yao watapita hapa.

Najua kilichokutoa. Ni zile picha za hatua. Alianza kijana mmoja, kila jioni anaturushia picha ya skrini ya simu yake: elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano, na emoji ya msuli juu yake. Wengine wakafuata. Ikawa sasa watu hawaulizani tena hali, wanashindana. Wewe siku ile magoti yamevimba, ukajikaza ukatoka, ukaweka zako: elfu moja na mia tisa. Mtu akabandika emoji ya kucheka. Inawezekana alibonyeza vibaya. Inawezekana pia hakubonyeza vibaya. Vyovyote iwavyo, mtu mzima mwenye wajukuu hachekwi na watoto ndani ya simu aliyoinunua kwa hela yake, na mimi sikushangaa uliponyanyuka ukaondoka.

Lakini hilo lengo la hatua elfu kumi kwa siku, ambalo ndilo lililoanzisha mashindano yaliyokutoa, mama mdogo, halikutoka kwa daktari yeyote. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani iitwayo Yamasa iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo. Ilikuwa namba ya kuuzia. Dunia ikaichukua, simu zikaichukua, leo inatembezwa kama amri. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 16,741 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72, wakubwa kwako. Waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliokuwa kwenye 2,700, na faida ikaendelea kuonekana mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Najua utafiti wa aina hiyo hauwezi kusema kwa uhakika kwamba ni hatua zenyewe zilizowalinda, maana anayeumwa sana hutembea kidogo kwa sababu anaumwa. Ila unatosha kumnyamazisha bwana elfu kumi na tano.

Tumebadilisha mambo tangu uondoke. Picha za hatua ni marufuku. Video nazo ni marufuku, zinamaliza bando la watu. Jioni mtu anaandika neno moja tu, "nimetoka" au "sijatoka". Akitaka kueleza zaidi anaeleza, asipotaka hasukumwi. Mwanzoni nilidhani kundi litapoa, kumbe limechangamka. Yule dereva wa bajaji wa Singida mwenye presha, ambaye enzi za picha hakuwahi kusema lolote zaidi ya "amina", sasa ndiye anayeongoza kwa kuandika "sijatoka" na kueleza kwa nini: abiria wa mwisho alishuka saa tatu usiku, mgongo umekufa, na nyumbani mtoto ana homa. Watu wanamjibu pole. Hakuna anayemwambia "hakuna visingizio". Hayo maneno ya kwenye matangazo ya gym tumewaachia wenye gym.

"Sijatoka" ya kwanza inajibiwa pole. Ya pili mfululizo, mtu anakupigia. Hilo halikuwekwa kwa ukali, lina sababu yake mwilini, na alitueleza yule nesi mstaafu wa Manyoni unayempenda. Msuli ukiwa kazini huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, haifanyi kazi sawasawa. Ukishavua raba, mwili unabaki ukiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja, pengine mbili, halafu unarudi ulikokuwa. Ndiyo maana kwa wenye sukari inashauriwa zisipite zaidi ya siku mbili bila kutembea. Kwa hiyo siku moja ya kulala na magoti yako haina neno kabisa. Siku ya tatu ndiyo tunayoiwinda.

Na usitishwe na dakika. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki au zaidi, na mwongozo wao wa 2020 uliwataja waziwazi wenye magonjwa ya kudumu kama sisi. Mwongozo huohuo uliachana na lile sharti la zamani kwamba lazima utembee dakika kumi mfululizo ndipo zihesabike. Dakika tano za kwenda dukani na tano za kurudi zimo. Kuna jambo jingine ambalo kwako naona linafaa kuliko yote: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapima watu wenye kisukari cha aina ya pili na kuona kwamba dakika kumi za kutembea baada ya kila mlo zilishusha sukari ya baada ya kula kuliko nusu saa inayotembewa wakati wowote. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa baada ya chakula cha usiku. Nilipolisoma nikaufikiria ule ugali wako wa saa mbili usiku, halafu moja kwa moja kitandani. Sikwambii utoke njiani gizani. Zunguka uani. Mbwa wako atakushangaa siku mbili, ya tatu atakuzoea.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuwahi kulisema kundini ila uliniambia jikoni kwako: kwamba unaona aibu kutembea bila pa kwenda. Nakuelewa kabisa. Dar mtu akikimbia barabarani wanasema yuko joging. Huku kwetu mama wa miaka hamsini na kitu akipita mbele ya genge mara mbili bila kununua kitu, ataulizwa. "Mama, unakwenda wapi?" Ukijibu "natembea tu" wanaangaliana. Nkuhungu ninapokaa walishawahi kumuuliza mume wangu kama nyumbani kuna amani.

Siku moja mama wa Kondoa, yule mwenye baridi yabisi, akatuandikia dawa yake: anabeba kikapu. Kikapu kitupu, wakati mwingine na kanga imekunjwa ndani. Tangu abebe kikapu hajaulizwa swali hata moja, kwa sababu mwanamke mwenye kikapu ana safari. Tulicheka usiku kucha. Kesho yake nikabeba changu. Mwingine wa Chamwino akasema yeye anashika daftari la kliniki, watu wanamwachia njia na pole juu. Baba mmoja wa huku Dodoma anachukua kidumu kitupu cha lita tano. Sasa nitafutie daktari wa kukufundisha hilo. Dakika zake kumi na mgonjwa mmoja atazitoa wapi, na kikapu atakijulia wapi?

Halafu kuna lile la kupungua. Ukianza kutembea ukakaza na chakula, mwili unapungua kidogo, na hapo ndipo watu wa kwetu wanapokuja na sura za msibani: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa nini?" Wanakuangalia kwa jicho ambalo wewe na mimi tunalijua maana yake. Wapo walioacha kutembea kwa sababu ya swali hilo tu, wakaamua bora kunenepa na heshima. Nililileta kundini na majibu yakamiminika, mengine siwezi kuyaandika mbele za watu. Yule wa bajaji alisema yeye huwajibu, "Nimepunguza mzigo, njia ni ndefu," kisha anawasha chombo chake na kuondoka.

Mumeo anakupenda, watoto wanakupenda, nao wote wanakwambia utembee. Wanasema wakiwa wamekaa. Hawajui miguu inavyowaka moto saa nane usiku, na asubuhi ukiikanyagia chini unasikia kama umevaa soksi ambayo hukuivaa. Kundini ukiandika "miguu leo inawaka" hakuna anayeuliza maana yake. Mtu wa Singida anakuambia nami, wa Manyoni anakuuliza kama umezitazama nyayo.

Na hapo niseme kwa ukali kidogo, unisamehe. Miguu yenye ganzi na ardhi yetu hii si marafiki. Mbigiri wa Dodoma anatoboa kandambili mpaka ndani, na mguu wenye ganzi haukuambii. Utakuja kujua kwa harufu au kwa usaha. Usitembee na yeboyebo, na peku usithubutu hata uani. Raba za mtumba zinatosha, mradi kidole hakigusi mbele na ndani hakuna mshono unaosugua. Nenda kazijaribu alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Kabla ya kuvaa zikung'ute, nge hawana adabu. Jioni tazama nyayo kwa kioo, au mwite mjukuu akutazamie, watoto wanapenda kazi za upelelezi.

Kuhusu sukari kushuka: kama siku hizi uko kwenye insulini au vidonge vya glibenklamaidi, muulize daktari jinsi ya kupanga dawa, chakula na kutembea, na usitoke tumbo tupu. Mfukoni weka glukosi au sukari kwenye kifuko. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio: simama. Ukiwa na kipimo, chini ya 3.9 mmol/L ni kushuka. Chukua sukari kama gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai, ngoja dakika 15, pima tena. Kifua kikibana, hakuna cha kundi tena, ni hospitali.

Wale wauza dawa nao tumewatoa. Unamkumbuka aliyekuwa anakuja na unga wa mizizi unaoponya kisukari kwa siku ishirini na moja, na ushuhuda wa mtu wa Mwanza? Admini alimpa onyo moja, akarudi na punguzo la bei, akatolewa. Hatupeani dozi pia. Mtu akiuliza anywe vidonge vingapi anajibiwa na kila mmoja aende kliniki kwake, hata nesi wetu hukataa, na yeye ndiye anayejua kuliko wote.

Kilichonisaidia mimi zaidi si meseji bali simu. Saa kumi na moja jioni, jua likianza kulegea, napigiana na mama wa Kondoa. Yeye anatembea kwake, mimi kwangu kwenye mchanga wa Nkuhungu, tunapiga umbea mpaka tunafika nyumbani. Inagharimu dakika za kifurushi, sawa, ila mwezi wa saba na wa nane ule upepo unapotujaza vumbi mdomoni, peke yangu ningegeukia mlangoni. Nikimsikia na yeye anakohoa vumbi lake upande wa pili naendelea. Na mwendo wenyewe unajipima: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo panapotakiwa. Wewe ni mwanakwaya wa miaka yote, huenda kwako kipimo hiki kitadanganya. Ukiona unamaliza ubeti mzima bila kuvuta pumzi, ongeza mwendo.

Mlima usianze nao. Najua Kiboriani iko hapo mnaiona kila siku na kijana wako atataka kukupandisha Jumamosi. Mwambie aende yeye. Magoti yako yanataka tambarare, kwa vipande vifupi, na kiti cha jirani katikati ya njia.

Yule kijana wa picha, ndiye aliyekubandikia emoji ya kucheka, bado yumo. Nilimpigia mwenyewe. Baba yake alikatwa mguu kwa sukari, na picha zile zote zilikuwa hofu yake. Sikwambii ili umhurumie, ana deni la kukuomba radhi na ameshasema atalilipa. Nakwambia kwa sababu na yeye siku hizi huandika "sijatoka".

Kiungo cha kundi nitakutumia kwa meseji ya kawaida, najua bando lako likifika mwisho wa mwezi linakuwaje. Ukiingia huna haja ya kusalimia kila mtu wala kueleza ulikuwa wapi. Hapa usinijibu, watu watakutambua kwa maneno yako. Nipigie kesho saa kumi na moja jioni, mama wa Kondoa ana harusi na mimi sina wa kutembea naye. Vaa raba kwanza ndipo upige.

Mwanao,
Nkuhungu, Dodoma