Mwendo wa uso upimwe tangu siku ya kwanza

Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na ombi langu ni kwamba kila mgonjwa aliyepooza upande mmoja wa uso apimwe na kurekodiwa jinsi uso wake unavyosonga tangu siku anapofika kliniki, badala ya kungoja hadi anapoandaliwa kwa upasuaji.

Juzi nilimpokea mama mmoja aliyekuja na barua ya rufaa iliyosema tu kwamba uso wake "unaendelea vizuri". Nilipomwomba afumbe macho taratibu, kona ya mdomo ilivutika juu papo hapo, ishara kwamba nyuzi za neva zilipoota upya ziliishia kwenye misuli isiyokuwa yake. Barua haikulitaja jambo hilo, na hapakuwa na picha yoyote ya awali ya kulinganishia.

Wengi wetu tungali tunategemea kipimo cha House-Brackmann cha 1985, chenye madaraja 6. Ni chepesi, lakini kinaujumlisha uso mzima, hivi kwamba wagonjwa wawili wanaweza kupewa daraja lile lile ilhali mmoja misuli yake ni dhaifu na huenda akahitaji kupandikizwa msuli kutoka pajani, naye mwenzake misuli imekazana na inahitaji kulegezwa. Kipimo cha Sunnybrook cha 1996 hutazama uso ukiwa umetulia, kisha miondoko 5, yaani kuinua nyusi, kufumba macho taratibu, kutabasamu, kukunja pua na kubana midomo, halafu hutoa alama kwa misuli inayojisukuma bila kukusudiwa. Hayo ndiyo mpasuaji anayotaka kujua. Tena msuli uliokosa neva hunywea, na ikipita miaka 2 hivi, kuunganisha neva nyingine mara nyingi hakufui dafu, kwa hivyo kila mwezi usiorekodiwa unamgharimu mgonjwa.

Vifaa si kisingizio. Simu iliyosimamishwa imara, mwanga ule ule, umbali ule ule na kichwa kilichonyooka vinatosha, na kwa kuwa mboni pamoja na duara lake la rangi huwa na upana wa takriban milimita 12 kwa mtu mzima, umbali ambao kona ya mdomo imesafiri waweza kukadiriwa kwa milimita kutoka kwenye picha yenyewe. Programu za kutambua nukta za uso zinasaidia, ila zikaguliwe kwa macho, kwani utafiti wa 2018 nchini Marekani ulionyesha kwamba programu za kuchanganua nyuso zilikosea zaidi kwa wanawake weusi.

Video hizo zihifadhiwe katika faili ya hospitali kwa idhini ya mgonjwa, jinsi Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, wala zisizagae katika simu za wahudumu. Nayo Wizara ya Afya iongeze kwenye fomu ya rufaa nafasi ya alama za miondoko hiyo 5 na tarehe ya kila kipimo.

Mhudumu wa fiziotherapia,
Nairobi