Amani hakuna wanyama? Mliingia saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tujibu lalamiko linalorudi kila vikundi vya matembezi vinapotoka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, huku Muheza: "Tumetembea kutwa, hatukuona hata mnyama." Wanyama wapo. Kasoro iko kwenye ratiba, na ratiba hupangwa na waandaaji wa safari.

Tulifuate basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi. Mpaka lipite Muheza, lipande barabara ya udongo hadi lango la Sigi, watu wapige picha penye stesheni ya zamani ya Wajerumani na malipo yakamilike, jua limeshapita utosini. Hapo ndipo watu arobaini wanaingia msituni kwa mstari mmoja, spika ikiwa mgongoni mwa mmoja wao. Saa hiyo mbega ameshashiba majani na amekaa kimya juu kabisa ya mti, kwa sababu majani huchukua muda mrefu kusagika tumboni. Akisikia kelele hakimbii. Anajibanza tu nyuma ya tawi, nanyi mnapita chini yake.

Amani si Mikumi. Hapa jicho halifiki mbali, kwa hiyo sikio ndilo linalotangulia. Lala Sigi au Amani kwenyewe tangu Ijumaa, uwe njiani saa kumi na mbili asubuhi. Mwongozaji mmoja achukue watu sita, wakizidi sana wanane. Tembea hatua ishirini au thelathini, kisha simama dakika tatu bila neno. Matawi yakitikisika kwa fujo, hao ni kima. Mbega mtafute kwa mkia: unaning'inia wima, ncha nyeupe, na mabegani ana manyoya marefu meupe kama mtu aliyejitanda ushungi. Aliye juu mngoje chini, na hapa methali ichukuliwe kama ilivyo.

Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yakivuma kama mtu anayejaza tairi upepo kwa pampu ya mkono. Njia rahisi ya kumpata ni kusubiri chini ya mti wa Maesopsis wenye matunda. Mti huo si wa hapa, asili yake ni huko Kagera na Uganda. Uliletwa na watu, na hondohondo akawa msambazaji wa mbegu zake. Wahifadhi hawaupendi, ila mtazamaji wa ndege unamfaa.

Usisahau kutazama chini. Sange, yule mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, hutembea mchana akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Ukisikia mchakacho mfupi, kimya, kisha mchakacho tena, ganda hapo hapo. Mguu mmoja tu ukisogea, utabaki na kishindo cha majani.

Darubini ya 8×42, yaani inayokuza mara nane na kioo chake cha mbele ni milimita 42, inatosha. Watu hununua ya kukuza mara 12 wakidhani namba kubwa ndiyo nzuri, kumbe chini ya miti mwanga ni hafifu na mkono ukitetemeka kidogo picha yote inacheza. Viatu viwe na meno, maana udongo wetu ukilowa ni sabuni. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe. Gogo likikatiza njia, usiliruke: panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Nyoka kifutu hulala kwenye majani makavu, na rangi zake ni zile zile za majani.

Wanaoondoka jioni hukosa nusu ya Amani. Usiku, ukiwa na mwongozaji, mulika ncha za vijiti kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa. Kinyonga aliyelala hupauka, hivyo tochi humwonyesha mweupe kati ya majani meusi. Vinyonga wadogo kama jani kavu hulala chini kabisa, kwenye vishina vyembamba. Tazama kidogo, kisha ondoa mwanga. Usimshike wala usikate kijiti ili umpige picha vizuri. Huko ndiko wanakoharibu wengi, tena kwa nia njema.

Vivyo hivyo maua ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito. Mwaka 1893 yalipewa jina la Saintpaulia, na leo yanauzwa vyunguni dunia nzima. Ya hapa yaachwe mwambani. Ukiyang'oa na kuyapeleka Dar kwenye joto, huenda yasidumu.

Waandaaji, basi, tangazo la safari liseme saa ya kuingia msituni na idadi ya watu kwa kila mwongozaji. Spika ibaki kwenye basi. Namba ya malipo iombwe mkiwa bado Muheza mjini, kwa kuwa mbele mtandao hukatika. Na kuanzia Machi hadi Mei ulizeni kwanza hali ya barabara, kwani basi kubwa likinasa kwenye kona za kupanda Amani, gari la kulivuta hutoka mbali.

Waongoza wageni,
Muheza, Tanga