Kabla ya kumshika mzamiaji, angalieni mizani ya tajiri

Mhariri,

Kila kaskazi ikikaribia maneno ni yaleyale, ati wazamiaji wa huku Pate ndo wanamaliza kamba wa mawe, wanachukua wadogo, wanachukua majike wenye mayai. Mimi ni mtu wa Kizingitini, kwetu baba na kaka zangu wote wamezamia, na sikatai kwamba kamba wadogo wanaletwa. Wanaletwa sana tu. Lakini wanaletwa kwa sababu kuna mtu anawapima na kuwalipia, na huyo sijasikia akitajwa hata siku moja.

Wengi wanaowakula hotelini hawajui hata wanavyopatikana. Huyu kamba wetu wa mawe hana yale makucha makubwa ya kamba wa Ulaya, ana ndevu ndefu na miiba, mchana kajificha kwenye mapango ya miamba na usiku ndo anatoka kutafuta chakula, kwa hiyo inabidi umfuate huko chini aliko. Vijana wanangoja maji mafu manake kwenye bamvu mkondo unavuta na maji yanachafuka huoni kitu, wanapanda mashua wanaenda dago, yaani kambi ya uvuvi, huko Kiwayu, wengine mpaka Kiunga, wanalala huko siku kadhaa na unga wao na sukari yao. Mitungi ya hewa hamna, ni miwani, viatu vya mpira, glavu na pumzi zako. Na ufundi wenyewe uko kwa pweza! Unamfunga pweza kwenye ncha ya fimbo, ukiona ndevu zimetokeza kwenye tundu unaipenyeza fimbo taratibu kwa upande mwingine, na kamba akijua pweza yumo ndani, na pweza ndo anayemla, anatoka mbio kinyumenyume anakuta mwenzako ameshatega kimia mlangoni. Hachomwi, akichomwa anakufa na kamba mfu bei yake ni ya kutupa. Kwa hiyo anayedhani kila mzamiaji anatembea na bunduki ya mkuki, ambayo Kenya ilipigwa marufuku tangu 2001, hajaiona hii kazi. Masikio nayo yanaharibika, wazee wa kazi hii ukiongea nao lazima upaze sauti.

Sasa njoo kwenye pesa. Mashua mara nyingi ni ya tajiri, yaani huyo mnunuzi mwenye mizani, mashini ni yake, petroli katoa yeye, na wakati wa kusi bahari ikiwa mbaya na watu wako nyumbani ni yeye anayekopesha unga na karo. Deni hilo linalipwa kwa kamba, na ukishakuwa na deni huwezi kumpelekea mwingine hata kama anatoa bei nzuri. Tena tangu bandari ichimbwe pale Lamu sehemu za karibu zimeharibika (mahakama ya Malindi yenyewe ilikubali mwaka 2018 ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76), inabidi kwenda mbali zaidi, petroli inapanda na deni linapanda nayo. Kijana amerudi dago, likatolewa fungu la mashua, la mashini, la petroli, kilichobaki kinagawanywa kwa watu wanane, hebu niambie kamba mdogo aliyemwona kwenye tundu atamwacha vipi na anajua tajiri atamchukua.

Na tajiri anamchukua kwa sababu hoteli inataka saizi ya sahani, kamba mmoja mgeni mmoja, yule mkubwa wa kilo mbili anawasumbua jikoni. Nimesimama kwenye mizani hizo nikaona kamba wa kutosha kiganja anatiwa kwenye tenga moja na wenzake, hakuna aliyeuliza. Jike mwenye mayai ndo usiseme, yale mayai ya rangi ya machungwa yanasuguliwa kwa brashi hapohapo ufukweni, akifika Mombasa ni jike kama jike mwingine na hakuna wa kumshtaki mtu. Laki na malaki ya mayai yanaenda na maji hivohivo, na mayai hayo yangeanguliwa vitoto vyake vinaelea bahari kuu miezi mingi kabla ya kurudi kutafuta mwamba, si kitu cha kusema tutarudishia mwakani.

Kwa hiyo mimi ombi langu kwa idara ya uvuvi na kaunti ni hili, acheni kuwavizia vijana gatini wakati wamechoka na wamelowa. Nendeni kwenye stoo za wanunuzi. Ni wachache, wanajulikana, wana leseni, na kamba wote wanapita kwao. Ukimpiga faini mzamiaji, tajiri anamlipia na kuongeza kwenye daftari, faini yenyewe inageuka deni la kumfanya azamie zaidi. Ukimnyang'anya leseni mnunuzi mmoja tu wiki hiyohiyo wadogo wote watabaki kwenye mapango. Na BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zipewe ruhusa ya kufungua matenga kabla hayajapakiwa kwenda gati ya Mokowe kule bara, saa hizi mwenyekiti wetu anaweza kumsimamisha mvuvi mwenziwe lakini gunia la tajiri haligusi.

Kaskazi inaanza Novemba, muda wa kulipanga hili upo.

Msomaji wenu,
Kizingitini, Lamu