Kabla hujaanza dawa ya mifupa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama unaweza kuanza vidonge vya mifupa kama vyangu, kwa kuwa kipimo chako cha uimara wa mifupa kimesoma −2.7, yaani mifupa imedhoofika. Huenda daktari akakuandikia hivyohivyo, lakini usivianze kwa sababu tu mama anavitumia. Mifupa yangu imeliwa na umri. Yako inaliwa na letrozoli, dawa ileile inayokukinga saratani isirudi. Inashusha estrojeni mwilini, na estrojeni ndiyo iliyokuwa inaizuia mifupa isimomonyoke. Uliposema labda uipumzishe kidogo, moyo ulinipiga paa. Nakuomba usifanye hivyo. Mifupa ina tiba zake, tena nzuri. Letrozoli usiiache mpaka daktari wako wa saratani akuambie.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: yeyote atakayekuandikia dawa ya mifupa, mwambie mapema kwamba uliugua saratani ya matiti, ulipigwa mionzi kifuani na unatumia letrozoli. Usidhani ameshasoma kwenye faili. Daktari wa mifupa na wa saratani si lazima wawe wamezungumza, na zipo dawa zinazowafaa wanawake wengi wenye mifupa dhaifu ambazo kwako zina hatari.

Chukua homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi. Mifupa zinailinda kweli, lakini utafiti wa HABITS ulioanzia Uswidi ulisitishwa mwaka 2003, ilipoonekana kwamba saratani inawarudia zaidi waliopewa homoni hizo. Mwaka 2009 tiboloni, dawa nyingine inayofanya kazi kama homoni hizo, nayo ikaonekana vivyo hivyo kwa wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti. Raloksifeni, kidonge kingine cha mifupa, haichanganywi na letrozoli. Teriparataidi, ile sindano ya kila siku, madaktari huepuka kumpa mtu ambaye mionzi ya tiba imewahi kupita kwenye mifupa yake, kwa hofu ya saratani ya mfupa. Mbavu zako zimepitiwa, kwa hiyo hata dawa hiyo isifiwe namna gani, uliza kwanza.

Kwa mtu kama wewe, madaktari huelekea zaidi kwenye bisfosfoneti au denosumabu, dawa zinazozuia mifupa isimomonyoke.

Vidonge vyangu, alendroneti, ni bisfosfoneti. Asidi ya zoledroniki pia ni ya kundi hilo, ila yenyewe huingia kwa dripu. Kundi hili lina habari njema ambayo sisi wazee wa mifupa tu haituhusu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya pamoja ya tafiti za wanawake zaidi ya 18,000 waliotibiwa saratani ya matiti ikiwa bado haijasambaa. Kwa waliokwisha kukoma hedhi, kama wewe, saratani iliyorudi kwenye mifupa ndani ya miaka 10 ilikuwa asilimia 6.6 kwa waliopewa bisfosfoneti, na 8.8 kwa wasiopewa. Mwulize daktari wako wa saratani kama nawe yanakuhusu, maana jibu lake linaweza kubadilisha uchaguzi wa dawa yenyewe.

Wakikupa vidonge, namna ya kumeza ni sehemu ya dawa. Mimi huamka, na kabla ya chai wala chochote, nakimeza kidonge kizima na glasi nzima ya maji matupu. Kisha nusu saa silali, siinami kufagia, sili. Nakaa wima au natembea. Kidonge hicho kikikwama huchubua umio, na maziwa au vidonge vya kalsiamu vikikutana nacho tumboni hakifyonzwi. Ukiona kumeza kunauma au kiungulia kimezidi, acha kukimeza na umpigie daktari, usingoje miadi.

Dripu ya zoledroniki inaweza kukuletea homa na maumivu ya mwili siku moja mpaka tatu, hasa mara ya kwanza. Hilo lisikutishe. Cha kuuliza mapema ni figo. Lazima zipimwe kabla, na zikiwa dhaifu sana dripu hiyo haitolewi. Kalsiamu na vitamini D navyo virekebishwe kwanza kama viko chini, ama sivyo kalsiamu ya damu inaweza kuporomoka: ganzi midomoni, vidole kuchomachoma, misuli kukaza.

Denosumabu ni sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, na hapa nakusisitiza kuliko kote. Bisfosfoneti hukaa kwenye mfupa muda mrefu hata ukishaacha. Denosumabu haikai. Ukichelewa, mifupa hupungua kwa kasi, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika, wakati mwingine kadhaa kwa mpigo, bila hata kuanguka. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza uliza: siku ya kuacha ikifika, nitapewa dawa gani nyingine kushika nafasi yake? Usiianze mpaka upate jibu linaloeleweka. Nami tarehe zako nitaziandika kwenye kalenda yangu, hata ukiniona msumbufu.

Mwisho, meno. Dawa za aina zote mbili, bisfosfoneti na denosumabu, kwa nadra sana katika dozi za mifupa, zinaweza kusababisha kipande cha mfupa wa taya kufa, hasa baada ya kung'oa jino. Lile gego lako linalouma ukinywa baridi litibiwe sasa, kama ni kung'olewa ling'olewe na fizi ipone, ndipo uanze dawa. Baadaye kila daktari wa meno ajue unachotumia. Na ukisikia maumivu mapya ya paja au kinena yasiyoisha, sema, hata kama unayaona madogo. Mara chache, mtu akitumia dawa hizi miaka mingi, mfupa wa paja hupata ufa, na maumivu hayo huanza kabla haujakatika.

Ukishapangiwa siku ya meno nitumie ujumbe. Siku ya kumwona daktari wa mifupa nitakuja tuongozane, na majina ya dawa zako zote nitakuwa nimeyaandika kwenye karatasi.

Mama yako