Barua ya Kufunga Muhula wa Pili

Lamu

Assalaam aleikum wazazi na walezi,

Ripoti za watoto ziko kwenye bahasha, pamoja na tarehe ya kufungua shule. Mimi nataka kuwasimulia jambo lililotokea chini ya mkungu wetu.

Mvulana wa gredi ya 4 alikanyaga jahazi la mwenzake, lile la kuchonga lenye tanga la mfuko wa unga, mpaka mlingoti ukakatika. Zamani ningemwita ofisini angali anatetemeka, nimtake maelezo. Safari hii mwalimu wake alikaa naye kimya kivulini hadi pumzi zikatulia. Ndipo mvulana akasema: "Punda wetu amekufa jana." Mwenye jahazi alisikia. Hakusema neno, alisogea akaketi karibu naye, mlingoti uliokatika ungali mkononi.

Wanaochunguza ubongo wanatueleza kwa nini kule kungoja kulifaa. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, inayopiga mbiu ya hatari kabla hatujafikiri. Sehemu ya kuzuia hasira iko mbele, nyuma ya paji la uso, nayo huendelea kukomaa hata baada ya mtu kutimiza miaka 20. Basi ukimwuliza mtoto wa miaka 10 "Kwa nini?" hasira zikiwa zimempanda, unamdai asichokuwa nacho wakati ule. Kwanza huazima utulivu wetu. Nasi tukiwaka, ataazima nini?

Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaze uso kwa dakika chache bila kutabasamu wala kuitika. Watoto walijaribu kuwarudisha mama zao kwa kucheka na kunyosha mikono. Walipoona hakuna jibu, wakageuza uso, wengine wakalia. Huyakumbuka hayo nikiona langoni mtoto akionyesha mchoro wake mara ya tatu, na macho ya mzazi yako kwenye simu. Lakini Tronick alionyesha pia kuwa mzazi na mtoto hupishana mara nyingi, hata penye mapenzi tele. Kinachomjenga mtoto ni ile kurudiana.

Hilo limenigusa mimi mwenyewe. Muhula huu nilimkaripia msichana aliyechelewa, kumbe alikuwa amempeleka nduguye zahanati. Nilirudi darasani nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Mzazi mmoja akanipigia simu kwamba najishusha hadhi. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Tangu siku ile nawasikia watoto wa darasa lile wakiambiana "niwie radhi" uwanjani bila kusukumwa na mtu. Na ubongo wa mtu mzima nao hubadilika kwa mazoea, hata sisi wenye mvi.

Shuleni viboko vimekatazwa tangu 2001. Tafadhali msiwatishe watoto likizoni kwa jina langu. Mkikaa kula, waulizeni: leo nani amekuhuzunisha, na wewe umemhuzunisha nani? Hilo la pili ndilo gumu, nanyi pia lijibuni.

Jahazi liko ofisini kwangu. Wavulana wote wawili wameahidi kulitia mlingoti siku ya kufungua. Mzazi fundi mwenye kipande cha mti mwembamba, ampe mwanawe aje nacho.

Wenu,
Mwalimu Mkuu