Maua na unga ule ufukweni ni sadaka ya wafu wetu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako mmoja iliyotoka katika safu hii pamoja na picha ya nazi, maua ya njano na madonge ya unga yaliyokutwa mchangani, kando ya Barabara ya Barack Obama. Mwandishi aliviita vitu vile kafara, akauliza ni nani anairoga bahari, na akataka polisi wawakamate wahusika. Wahusika ni sisi. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Dar es Salaam, na familia yangu inauza khanga Mtaa wa Uhuru tangu enzi za babu. Madonge kama yale nayafinyanga kwa mikono yangu kila mwaka, kwa ajili ya mama yangu na wazee waliomtangulia.

Tangu barua ile itoke, watu wanatupiga picha tukiwa katika ibada. Asubuhi moja vijana walisimama ukutani wakatuzomea, "Wachawi hao!" Pembeni yangu alikuwa shangazi yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, ambaye hata kushuka ufukweni ni lazima ashikwe mkono. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akaniuliza kama ni lazima aende tena mwakani. Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Nitaeleza tunachofanya, na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu chimbuko la ibada hii ni mito na maziwa ya India, ambako mahujaji wetu huenda kuwaombea wafu wao.

Mapokeo yetu yanafundisha kwamba kila mtu huzaliwa na madeni matatu: kwa miungu, kwa wahenga waliotuachia elimu, na kwa wazazi na mababu. Hili la tatu halikomi mzazi anapofariki. Mwili tunauchoma, majivu tunayatia mtoni au baharini, lakini baada ya hapo marehemu bado anahitaji kusindikizwa: apewe chakula, apewe maji, atajwe kwa jina lake na mtoto wake. Ibada hiyo tunaiita shraddha.

Maziwa matakatifu yanayotajwa zaidi kwetu ni matano. Manasarovar liko Tibet, zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Pushkar liko jimbo la Rajasthan, India, lina sehemu 52 za ngazi za kushukia majini, na jirani yake kuna hekalu maarufu la Brahma, mungu muumbaji. Mahujaji hufurika huko kuoga wakati wa mwezi mpevu wa Kartik, mmoja wa miezi ya kalenda yetu, ambao huangukia Oktoba au Novemba. Wasomaji Waislamu huenda wanaijua Ajmer, penye kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti. Pushkar ni mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapo. Pampa liko Karnataka. Narayan Sarovar liko Kachchh, magharibi kabisa ya Gujarat, na Kachchh ndiko walikotoka mababu wa familia nyingi za Kihindi za mji huu. La tano ni Bindu Sarovar, katika mji wa Siddhpur, kaskazini mwa Gujarat. Huko ndiko nilikokwenda mimi baada ya mama kufariki.

Msomaji asifikirie ziwa kama Victoria. Bindu Sarovar ni bwawa dogo la mraba, limejengewa ngazi za mawe, na mtu aliye upande mmoja anaweza kumwita aliye upande wa pili bila kupaza sana sauti. Lakini kwa Wahindu hapana mahali pengine kama hapo, kwa sababu ni pa akina mama. Anayetaka kuwaombea mababu wote huenda Gaya, kule Bihar. Anayetaka kumwombea mama yake huenda Siddhpur, ndiyo maana mji huo huitwa Gaya ya Mama. Husimuliwa kwamba maji yale yalitokana na machozi ya Vishnu, mungu mlinzi, aliyelia kwa huruma alipomwona mcha Mungu mmoja, Kardama, alivyojitesa kwa ibada. Baadaye mwana wa Kardama, Kapila, alimfundisha mama yake Devahuti njia ya kuokoka akiwa hapohapo: mtoto akawa mwalimu wa mama. Husimuliwa pia kwamba Parashurama, yule aliyemuua mama yake mwenyewe kwa amri ya baba, alikwenda huko kumfanyia mama yake ibada. Kama yeye alipokelewa, nani atakataliwa?

Jambo moja la pembeni kuhusu mji ule. Una mtaa mzima wa majumba ya zamani ya Mabohora, Waislamu wa Kihindi, ya ghorofa, yenye madirisha mengi na nakshi, mengine yamejengwa na wafanyabiashara waliochuma huku kwetu Afrika Mashariki na kwingineko. Nilipotembea pale nilijiona kama nimo katikati ya Dar es Salaam ya utoto wangu. Mji mtakatifu wa Wahindu una majirani Waislamu ambao wamekaa hapo kwa vizazi.

Ibada yenyewe ilianza kwa kunyolewa nywele na kuoga. Nilivaa shuka jeupe lisiloshonwa. Kuhani, ambaye sisi tunamwita maharaj, alinikalisha chini, akanivisha kidoleni pete ya majani yaliyosokotwa, kisha akaniambia nikinge maji kiganjani na kutamka nia yangu: jina langu, ukoo wangu, siku ile, mahali pale, na jina la mama. Bila nia hakuna ibada. Nadhani Mwislamu yeyote atalielewa hilo mara moja.

Halafu nikakanda unga. Unga wa nafaka, ufuta mweusi, maziwa, samli, asali. Unafinyangwa madonge ya kutosha kushikika kiganjani, nayo huitwa pinda. Ni chakula cha marehemu. Kwa mama, madonge ni 16, na kila moja lina aya yake, na kila aya inataja taabu moja ambayo mama aliipata kwa sababu yako.

Hapa naomba unipe nafasi, Mhariri. Lipo donge la taabu ya kutembea na mimba kwenye njia yenye mabonde, akiogopa kujikwaa. Lipo la wasiwasi wa mwezi baada ya mwezi, tumbo likikua. Lipo la mateke. Lipo la uchungu wa kuzaa. Lipo la dawa chungu alizokunywa. Lipo la usiku aliokesha, na la ule usiku aliolala upande uliolowa mkojo ili mtoto alale pakavu. Lipo la njaa na kiu alizozivumilia akinyonyesha. Na lipo la njia ya kutisha ya Yama, mungu wa mauti, ambayo sasa anaipita bila mtu wa kumshika mkono. Kwa kila moja unasema: kwa kulipia taabu hii, mama, nakupa donge hili.

Maharaj alisoma kwa Kisanskriti, kisha akanieleza kwa Kigujarati, polepole. Tulipofika kwenye usiku wa kulala palipolowa nilishindwa kuendelea, naye akanisubiri. Kando ya bwawa lile walikuwapo wanaume wengine wengi, wenye mvi, wengine wamevaa saa za thamani na wengine miguu imepasuka kwa kazi ya shamba, wote wamekaa chini na unga mikononi, na wengi wao wanalia. Mwisho nikamimina maji yenye ufuta, yakipita kati ya kidole gumba na cha shahada, nikilitaja jina la mama mara tatu.

Niliporudi nilimsimulia mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya duka letu. Alimjua mama yangu kwa miaka mingi, na siku ya msiba alikuja akakaa na wanawake wa kwetu mpaka jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kumbe wenzetu mnauhesabu mmoja mmoja."

Sasa turudi ufukweni. Si kila Mhindu wa Dar es Salaam ana nauli ya kwenda India, na hata aliyekwenda hawezi kwenda kila mwaka. Dini inaturuhusu kufanya ibada hii kando ya mto au bahari popote tulipo, na bahari yetu hii ndiyo hiyohiyo inayopiga pwani ya Gujarat. Kila mwaka kuna kipindi cha siku 16, kuanzia mwezi mpevu wa Septemba hadi usiku usio na mwezi, ambacho kimetengwa kwa ajili ya wafu. Kila familia ina siku yake humo, kulingana na tarehe ya mwezi aliyofariki mzee wao. Siku hiyo mtu huenda baharini alfajiri na unga wake, ufuta wake, maua, pengine nazi na taa ya samli. Huomba, humimina maji, hurudi nyumbani kupika. Hakuna damu. Hakuna mnyama anayechinjwa. Hakuna jina la adui linalotajwa. Yanayotajwa ni majina ya baba, babu, baba wa babu, na ya mama, bibi na mama wa babu.

Nyumbani, kabla hatujala, sehemu ya chakula tunampelekea kunguru juu ya paa. Kwetu kunguru ni mjumbe wa wazee. Najua kunguru hawa wanachukiwa mjini, wanakula vifaranga na kuharibu viota vya ndege wengine, na serikali imekuwa ikiwapunguza. Wenyewe waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Siwatetei. Nataka tu jirani akimwona mama wa Kihindi anaweka wali wa maziwa juu ya ukuta na kuita kunguru, ajue kwamba anamlisha mama mkwe wake.

Lakini mwandishi wa barua ile ana haki katika jambo moja, na hapa nasema na Wahindu wenzangu. Picha ile ilionyesha pia mifuko ya plastiki, chupa, na fremu ya picha yenye kioo. Hivyo si sehemu ya ibada yoyote niijuayo. Unga samaki wataula, maua yataoza, ila plastiki itabaki na kioo kitamkata mtoto wa mtu anayeogelea. Na tuangalie maji. Mtu anafika saa ambayo maji yanajaa, anaacha vitu vyake na kuondoka, na bahari inavirudisha vyote mchangani, halafu yanapokupwa vinabaki pale siku nzima watu wanavikanyaga. Wavuvi wa pale watakwambia bure saa ya maji kuanza kupwa. Tuulize. Mwaka 2009 ziwa la Pushkar lilikauka likiwa katika kazi ya kuondolewa tope, na mahujaji wa Kartik wakaishia kuogea kwenye vidimbwi vilivyojazwa maji kwa ajili yao. Kama ziwa la Brahma mwenyewe linaweza kufikia hapo, ufukwe wetu ni nani?

Kwa halmashauri ya jiji nina ombi dogo. Tupewe mahali pamoja penye ngazi chache za kushukia majini na pipa la taka, tupatunze wenyewe. Gharama za ujenzi jumuiya zetu zinaweza kuzibeba tukikaa pamoja, na mahali hapo watapatumia pia Wakristo wanaobatiza baharini na mtu yeyote anayetaka kunawa miguu.

Kwako, Mhariri, naomba neno moja. Neno "uchawi" katika nchi yetu limeua watu. Tunawakumbuka vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliokatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Barua inayowaita watu wachawi ikiletwa mezani kwako, mtume mwandishi mmoja akaulize kwanza. Mahekalu yetu ya Mtaa wa Kisutu yako wazi, makuhani wapo, na hakuna anayefukuzwa mlangoni. Sharti ni kuvua viatu tu.

Na ndugu aliyeandika barua ile, sina kinyongo naye. Namwalika. Kipindi kijacho kikifika tutakuwa palepale, alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Aje aulize chochote, hata amwulize shangazi yangu, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Nimemwambia atakwenda, na nimewaomba vijana wa kwetu wamshike mkono pande zote mbili.

Muuza khanga, Mtaa wa Uhuru,
Dar es Salaam