Kutembea nako ni mtihani, msicheke

Mhariri salaam, mi msomaji wako wa Mtwara. Kijiweni kwetu watu wanacheka eti jeshi la nchi kavu la Marekani, askari mwenye cheti cha daktari cha kutokimbia anaweza kupimwa kwa kutembea maili 2.5, kama kilomita 4 hivi, ndani ya muda uliopangwa, na akianza kukimbia kafeli. Wanasema huo mteremko.

Mi nikamchukua mpwa wangu tukajaribu barabara ya Mikindani, yeye mrefu kama mnazi, mi ndo hivyo tena, simu inahesabu dakika. Aisee! Mwenzangu anatembea huku anachati, mi nachapa miguu kama cherehani, ugoko unawaka moto, nikiongeza spidi kidogo tu najikuta nshakimbia, na hapo ndo umekwisha maana mguu mmoja lazima uwe chini muda wote. Sa hapo si kimo ndo kinaamua?

Jeshi lao la anga lilishawahi kutumia maili 1 ya kutembea na mwishoni wanapima mapigo ya moyo, hiyo angalau, saa peke yake inamuonea mfupi. Mpwa mwenyewe alifika hata jasho hana, akaninunulia dafu.

Msomaji, Mtwara